Giannis abaki Milwaukee au asepe? Mimi nasema asepe, tena mwezi huu huu wa Julai 2025

Kipara_wa_Mwanjelwa
Wakuu, poleni na baridi. Nimeamka nakuta Bucks, timu ya kikapu ya Milwaukee anayochezea Giannis Antetokounmpo kule NBA Marekani, wamemtema nyota mwenzake Damian Lillard. Hawajamuuza, wamemtema! Jamaa kachanika kano ya kisigino mwezi wa nne, mkataba wake bado una dola milioni 113, na klabu imekubali kumlipa kidogo kidogo kwa miaka mitano, karibu milioni 22 na nusu kila mwaka, akae kwao au akachezee wengine, watajua wenyewe. Nafasi iliyopatikana kwenye mahesabu wamemchukulia Myles Turner, tena kutoka kwa Pacers wa Indiana hao hao waliotutoa.

Mimi Bucks damu. Nimekesha na hii timu mpaka mke wangu akaniuliza kama Milwaukee nina nyumba ndogo. Ila safari hii nimechoka. Misimu mitatu mfululizo tunatolewa raundi ya kwanza ya mtoano: 2023 Heat wa Miami, 2024 Pacers, 2025 Pacers tena. Giannis Desemba anafikisha miaka 31. Aombe kuondoka sasa, bado timu zinamgombania. Anayebisha aje na hoja, matusi aache kwao.

Baridi_ya_Makete
Naweka kigoda hapa, natia kuni jikoni. Huu uzi utafika mbali.

Nondo_Uyole
Kipara umeanza na chumvi. Mtu mwenye wastani wa pointi 30, ribaundi karibu 12 na asisti 6 na nusu msimu uliopita, unamwambia aende wapi? Akajiunge na nani? Ubingwa wa kupewa lifti hauna utamu. Huyu kaokotwa namba 15 kwenye drafti ya 2013, pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, kijana mwembamba kama mwanzi wa ulanzi, mji mzima ukamlea. 2021 akawalipa ubingwa. Abaki amalizie hapo, kama Dirk Nowitzki alivyokaa Dallas misimu 21.

Ulanzi_Mbichi
Kamwene wote. Nondo, mwanzi wa ulanzi umeutaja wewe wa Uyole unaujulia wapi? Tuachieni wenyewe.

Kwenye mada: uaminifu ni mzuri pande zote mbili zikiwa nao. Katika wale watano walioanza fainali za 2021, nani yupo? Jrue Holiday waliuza. P.J. Tucker waliachia siku nyingi. Khris Middleton Februari wamempeleka Washington. Brook Lopez ndiyo huyo anaenda Clippers. Kabaki Giannis peke yake kama nguzo ya umeme kwenye shamba la mahindi. Klabu haijawa mwaminifu kwa mtu, yeye awe mwaminifu kwa nani? Kwa ukuta?

Yanga_Damu_Sokomatola
Mbona haya mambo tumeyazoea. Chama si alitoka Simba akaja kwetu 2024, kuna mtu alikufa? Aziz Ki naye juzi kaenda Wydad, tumelia siku mbili, tumenyamaza. Mchezaji ni mfanyakazi.

Kipara_wa_Mwanjelwa
Yanga, siku mbili? Wewe ulilia wiki nzima, nilikuwa nakuona pale kijiweni huongei na mtu.

Msomi_Kihesa
Nianze na rekodi, maana naona watu wanaongea kwa hisia. Tatizo halikuanza na Lillard. Mei 2023 walimfukuza Mike Budenholzer, kocha aliyewapa kombe miaka miwili nyuma yake. Wakamleta Adrian Griffin. Griffin akashinda michezo 30 akapoteza 13, wakamfukuza Januari 2024. Nani anafukuza kocha mwenye 30 kwa 13? Akaja Doc Rivers, msimu ule akamaliza na 17 kwa 19. Makocha watatu ndani ya mwaka mmoja. Hata shule ya msingi ikibadilisha mwalimu wa hesabu mara tatu kwa mwaka, mtihani wa taifa mnajua matokeo yake.

Nondo_Uyole
Na huyo Doc ndiye aliyeongoza michezo 3 kwa 1 kwenye mtoano akatolewa, tena mara tatu, na timu mbili tofauti. Magic 2003, Clippers 2015 na 2020. Unamwajiri mtu wa namna hiyo kuzima moto?

Parachichi_Njombe
Doc ana kombe la 2008 na Boston, tusimvunjie heshima yote. Kocha hakuchana kano ya Lillard. Kocha hakumuumiza Giannis mguu 2024 akakosa michezo yote ya mtoano dhidi ya Pacers. Kocha hakumuumiza mgongo mchezo wa kwanza na Heat 2023. Mimi naita bahati mbaya, basi. Mkulima analima vizuri, anaweka mbolea, mvua inagoma. Utasema jembe baya?

Ulanzi_Mbichi
Mvua ikigoma miaka mitatu, Parachichi, unahama shamba.

Dada_wa_Tukuyu
Ugonile bakaka. Naomba nipite na hoja ambayo hamuigusi kwa sababu mnampenda sana Giannis. Sehemu ya hii shida ni ya kwake. Agosti 2023 alisema hadharani kwamba asipoona klabu ina nia ya ubingwa, hatasaini. Mwezi wa tisa klabu ikaogopa, ikamtoa Jrue Holiday kumpata Lillard. Mwezi wa kumi Giannis akasaini miaka mitatu, kama dola milioni 186. Jrue akafikia Portland, akapitishwa Boston, msimu huo huo akavaa pete. Yaani tulimtoa mkabaji bora tuliyenaye, akaenda kumsaidia mpinzani wetu wa kanda ya Mashariki kuchukua ubingwa wa 2024. Ukimtishia baba kwamba utahama nyumbani, akauza ng'ombe akununulie pikipiki, usije kulalamika maziwa hakuna.

Baridi_ya_Makete
Dada kapiga msumari. Natia kuni nyingine.

Nondo_Uyole
Dada heshima kwako, lakini hapo umemwonea. Mchezaji kusema anataka kushinda ni kosa? Hakusema "mtoeni Jrue". Waliochagua ng'ombe wa kuuza ni wao ofisini.

Dada_wa_Tukuyu
Kwani ng'ombe walikuwa wangapi, Nondo? Hilo ndilo swali.

Dereva_Tunduma
Mimi sijui drafti wala nini, naangalia vipande vya video nikisubiri foleni ya mpakani, maana foleni ya Tunduma inakupa muda wa kuangalia hata msimu mzima. Lakini hii ya kubaki au kuondoka naijua. Niliendesha gari la tajiri mmoja miaka tisa. Kila mwaka ananiambia, vumilia, mwakani nakuletea gari jipya. Nikikaza, anaongeza elfu kumi kwenye posho. Vijana niliowafundisha mimi wakahama, leo wana gari zao. Siku nimepata ajali ndogo ya kuchubua bampa, kanikata mshahara miezi miwili. Ndiyo nikaondoka, nina miaka 44. Giannis asisubiri bampa.

Kipara_wa_Mwanjelwa
Dereva pole sana aisee. "Asisubiri bampa" naiweka kwenye wasifu wangu.

Parachichi_Njombe
Tofauti ni kwamba huyu posho yake msimu ujao ni dola milioni 54. Kwa hiyo posho, Dereva, hata mimi bampa nachubua kwa makusudi.

Mgeni_Mafinga
Samahani wakuu, naomba kueleweshwa. Nasikia kila siku "aproni ya pili, aproni ya pili". Ni nini? Mama lishe wa hapa stendi ana aproni moja na biashara inaenda.

Msomi_Kihesa
Hahaha. Mgeni, kila timu ina ukomo wa mishahara. Juu ya ukomo kuna mistari miwili ya hatari, ndiyo hizo aproni. Ukivuka wa pili unafungwa mikono: kwenye kubadilishana huruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili kumpata mmoja mkubwa, na chaguo lako la drafti la miaka saba mbele linagandishwa. Bucks walikuwa wamekwama humo, Februari wakajichomoa kwa kumtoa Middleton na kumchukua Kyle Kuzma mwenye mshahara mdogo zaidi.

Nondo_Uyole
Kuzma. Mchezo wa kwanza na Pacers: dakika 22, pointi sifuri, ribaundi sifuri, asisti sifuri. Karatasi yangu ya hesabu kidato cha pili ilikuwa na maksi zaidi.

Mgeni_Mafinga
Asante Msomi. Kwa hiyo mama lishe wangu yuko salama kifedha kuliko Bucks.

Ulanzi_Mbichi
Ongezeni na madeni ya drafti. Walipomleta Jrue 2020 waliwapa New Orleans chaguo la 2025 na la 2027. Walipomleta Lillard wakawapa Portland la 2029, na haki ya kubadilishana chaguo 2028 na 2030. Shamba limewekwa rehani mpaka mtoto wangu wa darasa la kwanza amalize shule ya msingi. Sasa Nondo niambie, huyo msaidizi wa Giannis mtampata kwa hela gani? Kwa mbaazi?

Nondo_Uyole
Tumempata Turner. Kazuia mipira na kupiga pointi tatu Indiana miaka kumi. Lopez ana miaka 37. Pale tumepata ahueni, kubali.

Na mnasahau jambo moja: angalieni Mashariki yenyewe. Jayson Tatum wa Boston kano imechanika mwezi wa tano. Tyrese Haliburton wa Pacers kano imechanika mchezo wa saba wa fainali na Thunder wa Oklahoma. Hao ndio waliokuwa wametukalia. Mwaka huu njia iko wazi kuliko ilivyokuwa tangu 2021, halafu ninyi mnataka mtu aondoke mlango ukifunguliwa!

Kipara_wa_Mwanjelwa
Nondo, Indiana wakati hawajaumia nani aliwashinda? Na unanikumbusha usiku ule wa mchezo wa tano na Pacers mwaka huu, bora ungeacha. Muda wa nyongeza, tunaongoza pointi 7, zimebaki sekunde 40 hivi. Nimeshasimama, nimewasha jiko nichemshe chai ya ushindi. Gary Trent, ambaye usiku huo alifunga 33, mpira unamponyoka mikononi unatoka nje. Haliburton huyo, anapenya anaweka, 119 kwa 118. Sekunde moja na kidogo ndiyo imebaki. Maji yalichemka mpaka yakakauka, sufuria ikaungua. Mpaka leo ina doa jeusi katikati na mama watoto akiitumia ananiangalia.

Yanga_Damu_Sokomatola
Ile sufuria iwekwe makumbusho.

MzeeKiwira
Vijana hamjambo. Nimewasoma tangu juu. Mnaongea kama vile hili halijatokea Milwaukee. Limetokea. Kareem Abdul-Jabbar, wakati anachukua ubingwa na Bucks 1971 alikuwa bado anaitwa Lew Alcindor. Akaomba kuondoka, wakampeleka Lakers 1974, kule akabeba makombe mengine matano. Milwaukee walikaa miaka 50 kamili kupata kombe la pili, hadi huyu Mgiriki wenu.

Msomi_Kihesa
Mzee shikamoo. Marekebisho kidogo: ilikuwa 1975. Mwaka 1974 alikuwa bado Bucks na wakapoteza fainali kwa Boston, mchezo wa saba.

MzeeKiwira
Marahaba. 1975, sawa, umri huo. Lakini hoja inabaki palepale. Yeye aliondoka akafaidi, mji ukakaa na njaa nusu karne. Sasa ninyi mnamshauri mchezaji au mnaushauri mji? Maana hamjaamua.

Parachichi_Njombe
Mzee, shikamoo. Na Kevin Garnett naye: miaka 12 Minnesota anabeba timu mgongoni, 2007 akahamia Boston, mwaka mmoja tu kombe. Kwa hiyo ushahidi wa wakubwa unaegemea kuondoka, nakubali kwa shingo upande.

Nondo_Uyole
Parachichi umenisaliti.

Parachichi_Njombe
Sijakusaliti. Nimesema ushahidi. Moyo wangu bado uko kwako.

Dada_wa_Tukuyu
Kwanza Nondo, mbona unamwita wa Milwaukee kana kwamba kazaliwa pale? Baba na mama yake Wanigeria, kazaliwa Athens, kakulia pale anauza saa na miwani barabarani na kaka zake, viatu wanapokezana yeye na Thanasis. Uraia wa Ugiriki kapewa 2013, mwaka ule ule wa drafti. Mtu aliyeishi miaka 18 bila nchi ya kumkubali, anapopata mji unaomkubali hauachi kirahisi. Ndiyo maana mimi nasema hataondoka, hata kama namlaumu.

Ulanzi_Mbichi
Hii nayo ni hoja. Imenikalisha.

Mgeni_Mafinga
Halafu Milwaukee kuna baridi kali, theluji mpaka magotini. Akija Makete atajisikia nyumbani.

Baridi_ya_Makete
Aje. Viazi vipo, moto upo. Mshahara tutazungumza.

Kijana_wa_Mafiati
Mnamsifia Mgiriki, wa kwetu mmemsahau. Hasheem Thabeet 2009 alichukuliwa namba mbili. Namba mbili dunia nzima! Nyuma yake namba tatu James Harden, namba saba Stephen Curry. Mtanzania yuko mbele ya Curry. Wangemvumilia kama Bucks walivyomvumilia Giannis, leo tungekuwa tunaongea mengine.

Nondo_Uyole
Kijana, hilo jeraha letu sote. Ila ukweli usemwe, msimu wa kwanza tu Memphis walimshusha ligi ya chini, halafu akazunguka Houston, Portland, Oklahoma. Urefu wa mita 2.21 alikuwa nao, muda hakuwa nao. Mpira kaanza kuushika ana miaka kama 15.

Dada_wa_Tukuyu
Hapo kwenye kuanza umri mkubwa mmenigusa. Mimi nilicheza UMISSETA. Shuleni kwetu ringi moja ilikuwa imepinda, tunaijua tabia yake: ukipiga kutoka kulia unalenga nje kidogo, mpira unaingia wenyewe. Tukawa tunashinda kila mchezo nyumbani. Tukaenda mkoani kwenye ringi iliyonyooka, tukapigwa kama ngoma. Kocha wetu alikuwa mwalimu wa jiografia, akatwambia tatizo ni mwinuko kutoka usawa wa bahari. Mkoa huo huo!

Yanga_Damu_Sokomatola
Nimecheka mpaka abiria kwenye bajaji wamenigeukia. Mwinuko!

Kijana_wa_Mafiati
Dada, hiyo ringi bado ipo? Nina wasiwasi naijua.

Dada_wa_Tukuyu
Ipo. Sasa hivi wanaanikia mahindi.

Msomi_Kihesa
Turudi kwenye mada kabla hatujaishia kwenye mahindi. Kuna habari mpya: Lillard amerudi Portland, miaka mitatu, dola milioni 42. Na unajua atamkuta nani? Jrue Holiday! Boston wamemrudisha huko kiangazi hiki. Yaani wale wawili waliobadilishana 2023 sasa wanavaa jezi moja, na Bucks hawana hata mmoja wao, ila wanaendelea kumlipa mmoja mpaka 2030.

Kipara_wa_Mwanjelwa
Acha. Nimeisoma mara tatu. Kumbe sisi ndio tunachangia harusi ya watu.

Dereva_Tunduma
Na kadi hamjapewa.

Ulanzi_Mbichi
Nondo njoo. Ulipo toka.

Nondo_Uyole
Nipo, nilikuwa sokoni. Sijabadilika. Fainali 2021 mchezo wa sita, jamaa kafunga 50, mitupo huru 17 kati ya 19, yeye ambaye ugenini uwanja mzima ulikuwa unamhesabia sekunde moja mpaka kumi kumchanganya. Aliyefanya vile, mimi simpangii pa kwenda. Na Desemba iliyopita katupa kombe la NBA la katikati ya msimu kule Las Vegas, dhidi ya Thunder hawa hawa waliokuja kuwa mabingwa. Timu iliyowafunga mabingwa 97 kwa 81 mnaiita maiti?

Ulanzi_Mbichi
Kombe la Desemba ni kama kuongoza ligi kabla ya Krismasi. Muulize shabiki yeyote hapa.

Yanga_Damu_Sokomatola
Usiangalie huku.

MzeeKiwira
Swali langu la mji au mchezaji hakuna aliyejibu.

Kipara_wa_Mwanjelwa
Mzee, mimi nilianza uzi namshauri mchezaji. Nilivyosoma ya Dada kuhusu Athens nikahamia kwenye mji. Nilivyosoma ya Portland nimerudi kwa mchezaji. Sasa hivi sijui niko wapi, niko kwenye sufuria.

Hata hivyo Oktoba haiko mbali. Kuna mtu anajua kibanda chochote Mwanjelwa au Soweto kinachokubali kuonyesha basketi? Pale ninapoangalia mpira, mwenye nacho ananiambia usiku wa manane hafungui kwa ajili ya mtu mmoja.

Nondo_Uyole
Uje Uyole, kwa shemeji yangu kuna king'amuzi. Michezo ya Milwaukee ya jioni inaanza saa tisa usiku kwetu, Novemba wakirudisha saa zao nyuma inakuwa saa kumi alfajiri. Leta blanketi lako. Chai ipo, ila jikoni husogei.

Mgeni_Mafinga
Na mimi nije? Sasa hivi aproni naijua.